Nane Juu ya Kumi

28 mwezi wa tatu

Chance amepata nane juu ya kumi ku dikte! Nane! Leo asubuhi mwalimu alisoma pointi za trimestri ya pili mbele ya wazazi wote, mukono moja unashika karatasi, mukono ingine unapandisha pantalo yake yenye inashukaka kila saa, akafika ku jina ya mutoto wangu akasema: «Dikte, nane juu ya kumi.» Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga vigelegele mpaka mama moja mbele yangu akaziba sikio.

Basi sasa nisalimie. Jambo, kaye mupya, daftari yangu. Mimi ni Mukamazimpaka Dative. Watu wa mutaa yetu ya Mapendo wananiita Mama Chance. Nauzisha fromaji, ile jibini ya Masisi, ku soko, na nilisoma mpaka ya tano primeri, kwa hiyo mutu asicheke maandiko yangu. Chance ni mutoto wangu mumoja tu, binti ya miaka kumi. Homa ilimukamata akiwa na miaka mbili, ikaenda na maskio yake. Hasikii kitu, hata radi. Masomo tatu, shule za hapa karibu, ilimukataa. Ya ine ilimupokea mwezi wa tisa, mu klasi ya tatu, pamoja na watoto wenye kusikia. Direktrisi alisema: «Mama, tutajaribu.» Kujaribu! Waone sasa.

Nilinunua pudre nyeupe ya watoto wachanga, kopo mbili kubwa, juu vile njo tunafanyaka hapa kwa mwenye kufaulu. Nilimumwangia Chance ku kichwa, ku shingo, ku iniforme. Nikamumwangia na Mama Darius, jirani yangu, bila kumuomba ruhusa. Darius wake yuko klasi moja na Chance. Alipata tano. Naandika tu, sisemi kitu.

Chance alisimama pale mweupe kama ukuta ya kanisa. Kisha akajipanguza yote, pole pole, na kitambaa. Pengine ilimuingia mu macho. Kopo ya pili sikuifungua.

Nilifurahi. Najua nilifurahi juu nilisikia sauti yangu. Tangu Papa Chance alikufa, mwaka jana mwezi wa kwanza, ile wiki ya vita na masasi, mwili yangu iko kama mukono yenye umelalia usiku muzima. Unaiona ni yako. Unaigusa. Haijibu.

29 mwezi wa tatu

Nilisema ku kanisa. Pasteri naye nilimwambia. Nane.

31 mwezi wa tatu

Mvua. Fromaji haikufika, barabara ya Masisi ni matope. Nilitafuta watu wa soko wenye hawajasikia habari ya dikte, nikawaambia. Walikuwa wawili.

5 mwezi wa ine, Pasaka

Kaka yangu Habarurema alitoka Kalengera na kuku. Nikamwambia nane. Akasema: «Huyu atakuwa avoka, atatetea watu mahakamani!» Nikamwambia: «Avoka ni kidogo.» Tukala. Ku kiti ya Papa Chance tuliweka mifuko, ili isibaki wazi.

13 mwezi wa ine

Masomo imeanza tena.

17 mwezi wa ine

Leo siku ya tano ya juma, na tena soksi za Chance ni nyeusi mpaka ku magoti. Kila siku ya tano ni vile. Siku zingine anarudia safi, lakini ya tano anarudia na hii vumbi yetu ya volkano yenye haitoki hata na sabuni mbili. Nilimugombeza na mikono: mutoto mukubwa, unacheza mu vumbi kama mbuzi? Akaangalia pembeni. Yeye akiangalia pembeni njo amefunga maskio. Hakuna namna ingine ya kumusemesha.

20 mwezi wa ine

Nimefua. Mvua. Hazikauki.

24 mwezi wa ine

Soksi nyeusi. Nimegombeza.

28 mwezi wa ine

Leo ku robine ya maji kulikuwa mustari murefu ya bidoni, na mama mumoja mugeni, mwenye ametoka kupanga nyumba nyuma ya kanisa. Nilikuwa namueleza dikte. Mama Darius akaweka bidoni yake chini.

«Mama Chance, nikuulize kitu bila ubaya?»

«Uliza na ubaya, nimezoea.»

«Dikte, si mwalimu anasoma na kinywa, watoto wanaandika?»

«Njo vile.»

«Sasa Chance alisikia na nini?»

Mustari yote ikanigeukia. Nilimwambia: «Tano ya Darius inakuuma.»

«Inaniuma, ndiyo. Nilimugombeza sana juu yake. Nikamwambia, hata mwenye hasikii anakushinda! Akalia. Akasema: Mama, Chance haandikake dikte. Anafagiaka.»

«Anafagia nini?»

«Basi uliza mutoto wako.»

Nilibeba bidoni yangu mpaka nyumbani. Sikusikia uzito yake.

Nilikalisha Chance mbele yangu. Nikafanya mwalimu, maana yake nikapandisha pantalo yenye sina. Ile alama aliitunga yeye mwenyewe, na kila mara inamuchekesha. Alicheka. Nikafanya kuandika, nikamuuliza: wewe? Akaacha kucheka. Akaonyesha watoto wameinama, wote, vichwa chini, kalamu. Kisha akasimama akashika ufagio ya hewa, akafagia toka ku mulango mpaka ku kitanda, akarudi. Akashika soksi yake akanionyesha. Akaniangalia aone kama nitamugombeza.

Nilingoja kulia. Haikuja. Niliwasha makala mu jiko, nikapika maharagi.

29 mwezi wa ine

Niliuzisha fromaji. Mutu aliniuliza Chance anaendelea namna gani. Nikasema vizuri. Ni mara ya kwanza nasema neno moja tu.

30 mwezi wa ine

Nilienda ku masomo. Nilivaa kitenge ya sikukuu ili wasinipangishe mustari.

Mwalimu anaitwa Mulumeoderhwa. Tangu mwezi wa tisa nilikuwa nafikiri huyu ni malaika. Ku Noeli alikula fromaji yangu. Nilimukuta ku veranda.

«Mwalimu, dikte ya Chance. Aliiandika?»

Akapandisha pantalo. «Mama Chance, karibu ofisini.»

«Hapa ni pazuri.»

«Mama, niko na watoto hamsini na sita. Kila siku ya tano, nikisoma dikte, yeye anabaki ananiangalia tu. Wengine wanamucheka, wanasema bubu, bubu. Nikaona nimutume kufagia kiwanja, asione haya. Nilimuhurumia.»

«Na ile nane?»

«Nayo ni huruma.»

«Juu ya nini haikuwa tisa?»

Akaangalia viatu vyake. «Tisa watu wangeuliza.»

Sikukasirika. Ningetaka kukasirika. Nilikuwa naangalia mu klasi kupitia dirisha, ile benchi ya mbele ambako Chance anakaa na mwenzake Bénita, naona vichwa mbili tu, za nywele zenye kusukwa sawasawa. Hakuna mutu angejua ni nani anasikia. Nikafikiri, hapa alipokewa, benchi ilipokewa, iniforme ilipokewa. Yeye mwenyewe bado yuko kiwanjani.

Nikasema: «Muitoe.»

Direktrisi alisikia akatoka. Ni mwanamuke mwenye anasema pole pole kama vile maneno ni mayai. «Mama, tukiitoa, jumla ya Chance inashuka chini ya nusu. Itabaki trimestri ya tatu tu ya kumuinua. Asipofika nusu, mwaka kesho siwezi kumubakisha, wakubwa wangu watasema tulimuweka tu kama picha. Itabidi aende ku masomo ya viziwi, kule Bukavu. Analala kule.»

«Analala kule,» nikasema.

«Ndiyo. Anakuja vakansi tu, masomo ikifungwa. Tunaweza kuacha nane. Hakuna mutu atajua.»

«Watoto hamsini na tano wanajua. Na Chance.»

Wakaitoa. Nilirudia na miguu. Nyumba yetu ni vyumba mbili, na ni sisi wawili tu tunalala ndani.

1 mwezi wa tano

Sikukuu ya kazi. Sikufanya kazi.

4 mwezi wa tano

Nilimwambia mama mukwe, kule Munigi, kwamba nane ilikuwa kosa. Alisema nilipiga kelele mingi. Ni kweli nilipiga.

6 mwezi wa tano

Mvua usiku muzima juu ya mabati. Chance alilala vizuri. Mvua haimusumbui.

8 mwezi wa tano

Leo naandika mingi, hata mukono ikichoka.

Kwanza Chance alirudia na soksi nyeusi. Hata nyuma ya yale maneno yote, walimutuma tena kufagia! Nikafunga kitambaa ku kichwa nirudi kule, mara mulango ikagongwa. Ni yeye mwalimu, na mvua ku mabega, na mukate mu mufuko.

«Hodi, Mama Chance. Nimekuja kuomba radhi. Leo tena sikujua nifanye nini. Nilisimama na kitabu ku mukono, akaniangalia, kisha yeye mwenyewe akaenda kuchukua ufagio.»

Nikampa kiti. Ilikuwa ile ya Papa Chance, nilitoa mifuko bila kufikiri. Akakaa. Namna gani unafungua mazungumuzo na mutu mwenye alimuhurumia mutoto wako vibaya vile?

Chance ndiye alifungua. Alienda nyuma ya mulango, akarudi na ufagio yetu, akaiweka ku mikono ya mwalimu.

Mwalimu akaniangalia. Mimi nikaangalia mukate. Sikumusaidia.

Akasimama, akapandisha pantalo, akatoka mu kiwanja yetu na akafagia. Mutu mwenye diploma! Mvua ilikuwa imepunguka kidogo, matope nyeusi ilikuwa inaruka ku soksi zake. Majirani wakaanza kutoka. Mama Darius akasimama ku uzio ya lupango na mikono ku kiuno.

«Yesu! Mama Chance, umepata boyi wa nyumba mwenye karavati ku shingo?»

«Nyamaza, anasoma,» nikasema.

«Mwalimu, ukimaliza pale, kwangu pia kuko majani!»

«Nitakuja, mama,» akajibu bila kuinua kichwa. «Darius anijulishe njia, yeye anajuaka njia ya kila fasi, ya masomo tu ndiyo inamupotea.» Watu wakacheka. Hata Mama Darius alicheka, akajishika mudomo.

Chance alikuwa amekaa ku mulango na kaye yake na kalamu. Mwalimu alipofika karibu, Chance akamuita na kidole. Akamupa kalamu. Kisha akaanza kusema na mikono, pole pole, kama mutu anasomea mutoto mudogo. Ngumi mbili, moja inashuka, moja inapanda.

«Hii ni nini, Mama?» mwalimu akauliza.

«Ku dikte hakuna kusaidiaka,» nikasema. «Andika yenye unaona.»

Akaandika: kupiga ngoma. Chance akasoma akatikisa kichwa kwa huruma. Kweli kwa huruma, niliiona. Akarudilia ngumi mbili, akaweka vidole viwili ku kichwa, pembe. Mwalimu akapiga kelele: «Kukama! Anakama ngombe!» Ile alama ni yangu. Nilikuwa namuonyesha vile mama yangu alikuwa anafanya kule Masisi, kabla jua kutoka. Chance hajaona ngombe mara mingi, lakini mikono yake inajua.

Kisha Chance akapitisha mukono juu ya kichwa, pole pole, kama mutu anavaa kofia, na akafanya kunywa.

«Na hii kofia?» mwalimu akauliza.

Watu wa kiwanja wote wanaijua ile kofia. Mama Darius aliangalia chini.

«Ni Papa yake,» nikasema. «Andika: Papa anakunywa maziwa.»

Akaandika. Chance akachukua kaye akapima. Akaweka mbili juu ya kumi, akaizungushia na kalamu nyekundu, akamurudishia. Mwalimu aliangalia ile mbili mingi. Akasema: «Ni haki.»

Atakuja kila siku ya pili na ya ine. Nilimwambia fromaji itakuwepo.

12 mwezi wa tano

Alikuja. Vidole vyake ni vinene. Alitaka kusema «samaki» akasema «bibi harusi.» Chance alilala chini kwa kucheka.

15 mwezi wa tano

Siku ya tano. Soksi nyeupe.

Nilizifua hata hivyo.

19 mwezi wa tano

Mwalimu anasema sasa ku dikte anasimama mbele ya benchi ya Chance, anasema na kinywa na mikono pamoja. Watoto wengine wanaona Chance anapata dikte mara mbili, wanalia ni upendeleo. Sasa wote wanaangalia mikono yake. Direktrisi alipita inje akasikia klasi ya watoto hamsini na sita kimya, akafikiri wameenda nyumbani.

22 mwezi wa tano

Soksi nyeupe. Dikte: moja juu ya kumi.

Niliambia watu wa soko. «Chance amepata moja!» Mwenye kuuzisha sombe, majani ya muhogo, akaniuliza kama niko mugonjwa. Nikamwambia: «Moja, lakini ni yake. Aliiandika na mukono yake. Unaweza kuipima ku kilo.» Akanipa sombe ya bure.

26 mwezi wa tano

Mama Darius alileta samaki ndogo, sambaza ya kukaanga. Alisema Darius anamufundisha mikono nyumbani, na yenye anamufundisha mingi ni matusi. Akanionyesha moja. Yewe! Nilicheka mbele ya kujua nacheka. Kisha ikaisha. Lakini ilikuja.

Huyu mwanamuke niliishi naye miaka mingi nikifikiri ananionea wivu. Pengine ananionea. Lakini ku robine ile siku, watu wote walijua na yeye tu ndiye alisema.

29 mwezi wa tano

Dikte tatu.

5 mwezi wa sita

Dikte mbili. Chance alipiga mulango na muguu. Alifanya: kichwa yangu ni jiwe. Nilifanya: ya mama pia. Tukakaa.

9 mwezi wa sita

Mwalimu alikuwa na malaria, hakuja. Mimi na Chance tulifanya dikte peke yetu. Mimi nilimupa pointi. Nilimupa tatu. Nilitaka sana kuweka tano, kalamu ilikuwa pale, na hakuna mutu angejua. Sasa naelewa mwalimu kidogo. Huruma ni nyepesi ku mukono. Niliacha tatu.

14 mwezi wa sita

Mvua imekwisha. Vumbi imerudi ku kila kitu, ku sahani, ku Biblia. Usiku nilifungua sanduku ili nione kama sanduku inatosha kwa nguo za mutoto mwenye kwenda Bukavu. Inatosha. Nilifunga. Ndani, chini ya vitenge, nilikuta ile kopo ya pili ya pudre.

19 mwezi wa sita

Dikte ine. Kalkuli yake, ile hesabu, iko juu, anashinda hata Bénita, kalkuli haiombi maskio. Mwalimu anasema yote inategemea egzamen. Nikamuuliza: «Atafika nusu?» Akapandisha pantalo. «Mama, nikisema ndiyo utajua niko na huruma.»

22 mwezi wa sita

Egzamen imeanza. Nilimusuka nywele upya. Nilimupa yayi.

26 mwezi wa sita

Egzamen imekwisha. Leo ilikuwa ya dikte. Nilimungoja ku barabara, kitu chenye sikufanyaka. Soksi nyeupe. Nilimuuliza namna gani. Akafanya kuandika, kuandika, kuandika, mpaka ku mwisho wa karatasi, akageuza karatasi. Kisha akainua mabega: pointi, sijui.

Nilishika mukono yake. Ilikuwa na wino na jasho, na ilikuwa moto. Nilisikia ni moto. Naandika hii juu ni kweli: nilisikia.

28 mwezi wa sita

Mwalimu alipita mbele ya meza yangu ya fromaji bila kuangalia. Mama Darius alimukimbilia: «Mwalimu, hata alama moja tu, kidole juu ao kidole chini!» Akaweka mikono yote mbili mu mifuko ya pantalo. Ni mara ya kwanza naona pantalo haishuki.

Kwa hiyo hakuna mwenye anajua. Pengine Chance anabaki, pengine ile sanduku inaenda Bukavu. Zamani ningengoja kujua, kisha ningeita watu. Leo nimezunguka kuwaita waje kusikia pointi zikisomwa, bila kujua kitu. Nilimupigia Habarurema simu, asipande gari ya kuchelewa. Nilituma habari Munigi kwa mama mukwe. Mwenye sombe anafunga meza ile asubuhi. Ule mama mugeni wa robine, mwenye nilimudanganya bila kujua, anakuja pia. Mama Darius aliniuliza: «Na wakisoma chini ya nusu, mbele ya hii dunia yote?» Nikamwambia: «Basi watasoma chini ya nusu. Ni dikte ya mutoto wangu, nitaisikiliza.»

Kopo ya pudre nilimupa Chance. Nilimuonyesha: hii ni yako, wewe njo utafungua, ao hautafungua. Aliishika ku sikio, akaitikisa, kama vile watu wenye kusikia wanafanyaka. Kisha akaiweka mu mufuko yake ya masomo, akafunga.

Basi waje wote. Siku ya ine, tarehe mbili mwezi wa saba, saa tatu ya asubuhi, mu kiwanja ya masomo.